Makerere na Suala la Kurithishana Elimu

Watu wazungumzapo habari za chuo kikuu, aghalabu huyachanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali, yaani majengo yake na uhai wake. Majengo huonekana kwa macho: minara, kumbi, mabweni na maktaba. Uhai hauonekani upesi. Uhai wa chuo ni ule mnyororo wa watu ambao mmoja humfundisha mwenziwe, na huyo wa pili akaishika kazi kabla yule wa kwanza hajaondoka. Mnyororo huo ukikatika, majengo huweza kusimama miaka mingi, na mpita njia asitambue kwamba ndani yake kazi imelala.

Kusudi la makala haya ni kuieleza historia ya Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoko Kampala nchini Uganda, kwa kulifuata jambo hilo moja: ni nani aliyemrithi nani katika kufundisha na kuchunguza, na je, urithi huo ulipangwa au uliachwa ujiendee wenyewe? Tumekichagua chuo hicho kwa sababu mbili. Kwanza, ndicho kilichowalea wasomi wengi wa awali wa Afrika ya Mashariki, na mambo yaliyokipata, ya heri na ya shari, yamevipata vyuo vingi baada yake. Pili, kwa muda wa miaka kumi kilima cha Makerere kilikuwa makao ya uchunguzi wa Kiswahili. Jambo hilo walimu wengi wa lugha hii wamelisahau, hata wale walio Uganda kwenyewe.

Mwanzo mdogo

Mwaka 1922 serikali ya kikoloni ya Uganda ilifungua shule ya ufundi juu ya kilima cha Makerere. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 14, nao walijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Muda si mrefu yakaongezwa mafunzo ya utabibu, kilimo, utunzaji wa mifugo na ualimu. Shabaha ya wakoloni haikuwa kuwapata wanazuoni. Walihitaji wasaidizi: msaidizi wa daktari, msaidizi wa bwana shamba, mwalimu wa shule ya kati.

Shabaha hiyo ilibadilika mwaka 1937, wakati tume iliyoongozwa na Lord De La Warr iliposhauri kwamba Makerere ipandishwe daraja hatua kwa hatua mpaka iwe chuo cha elimu ya juu kwa nchi zote za Afrika ya Mashariki. Jengo kuu lenye mnara, ambalo hata leo ndilo alama ya chuo, lilikamilika mwaka 1941. Vijana wakaja kutoka Kenya, Tanganyika na Unguja. Miongoni mwao alikuwamo Julius Nyerere, aliyesoma ualimu hapo kuanzia mwaka 1943 hadi 1945.

Mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London. Mpango huo ulitokana na mashauri ya Tume ya Asquith ya mwaka 1945, nao ulitumika pia Ibadan, Legon na Khartoum. Kwa mujibu wake, mwanafunzi wa Kampala alifanya mtihani uliokubaliwa na London na kutunukiwa shahada ya London. Shahada za kwanza za namna hiyo zilipatikana mwaka 1953.

Yafaa tuutazame mpango huo kwa haki. Wako wanaousifu kwa sababu ulilinda kiwango cha elimu: hapana aliyeweza kusema kwamba shahada ya Makerere ilikuwa na upungufu. Wako wanaoulaumu kwa sababu uliyafanya masomo yaangalie Uingereza zaidi kuliko Afrika. Kauli zote mbili zina ukweli. Lakini liko jambo la tatu ambalo halitajwi sana. Mpango wa London uliweka mizani ya ubora wa mwanafunzi, ila haukuwa na mizani kama hiyo kwa upande wa kumwandaa mrithi wa mwalimu. Walimu wengi walitoka Uingereza kwa mikataba ya miaka michache. Mkataba ulipokwisha, mmoja aliondoka na mwingine akaletwa kwa meli au kwa ndege. Madhali meli ziliendelea kuja, hapana aliyeuona upungufu huo. Kisima kinachojazwa kwa ndoo huonekana kimejaa, hata kama hakina chemchemi.

Kamati iliyohamahama

Katika miaka hiyohiyo kilima cha Makerere kilimpokea mgeni mwingine. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1930 na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kazi yake ilikuwa kusanifisha tahajia, kupitisha vitabu vya shule, kutunga kamusi na kuwasaidia waandishi. Miaka mingi ya mwanzo Kamati hiyo ilikuwa ya Wazungu watupu, na wenye lugha wenyewe wakakaribishwa baadaye. Hilo ni doa ambalo historia haiwezi kulifuta. Hata hivyo, katika suala la kurithishana kazi, Kamati hiyo inatupa somo kubwa.

Ilianza Dar es Salaam. Baadaye ikahamia Nairobi, kisha mwaka 1952 ikaja Makerere. Mwaka 1962 ikaenda Mombasa, na mwaka 1964 ikarudi Dar es Salaam na kuingizwa katika Chuo Kikuu kama Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili. Mwaka 1970 jina likawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka 2009 taasisi hiyo ikaunganishwa na idara ya Kiswahili ya chuo hicho kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Jumla ya safari hizo ni ndefu, na majina ni mengi, lakini kazi ni ileile. Katibu wa kwanza, Frederick Johnson, alifariki mwaka 1937 kabla kamusi zake kubwa hazijachapishwa. Walioipokea kazi waliimaliza, na kamusi zikatoka mwaka 1939. Jarida lililoanza mwaka 1930 likiwa taarifa ndogo ya Kamati lilibadili jina mara kadhaa, mwisho likawa jarida la Kiswahili linalojulikana na kila mwalimu wa lugha. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981 ni mjukuu wa kazi zile za awali, ingawa mara hii waliotunga walikuwa wenye lugha wenyewe.

Kwa nini Kamati iliyokosa makao ya kudumu haikufa? Jibu halina uchawi. Kila ilipohama, ilihama na majalada yake. Kila katibu aliyetoka alimwachia aliyeingia karatasi zilizopangwa: orodha za maneno, barua za wasomaji, miswada iliyokubaliwa na iliyokataliwa pamoja na sababu zake. Aliyekuja hakulazimika kuanza upya. Kamati haikuwa na nyumba, bali ilikuwa na kumbukumbu.

Sasa tuulize upande wa pili: Kamati ilipoondoka Makerere, iliiachia Uganda nini? Hapo ndipo penye uchungu. Kamati ilikuwa mgeni wa chuo. Ofisi yake ilikuwapo, lakini Kiswahili hakikuwa sehemu ya masomo ya shahada. Aidha, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950 serikali ya Uganda ilikuwa imekiondoa Kiswahili katika orodha ya lugha za kufundishia shuleni, ila katika shule za watoto wa askari polisi. Hivyo, kwa miaka kumi mji wa Kampala ulikuwa na ofisi kuu ya uchunguzi wa Kiswahili katika nchi ambayo shule zake zilikuwa zimekiacha. Mgeni alipofunga mizigo, mwenyeji hakuwa amejifunza kazi yake. Uchunguzi usiofungamana na ufundishaji huweza kuhamishwa kwa lori moja.

Umoja na utengano

Mwaka 1963 vyuo vya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Mkuu wake alikuwa Julius Nyerere, na makamu wake wa kwanza alikuwa Bernard de Bunsen, aliyekuwa mkuu wa Makerere tangu 1950. Mwaka 1964 Yusuf Lule akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza Makerere.

Wazo lililokuwa nyuma ya umoja huo lilikuwa la busara. Nchi changa haziwezi kujenga kila kitu kila mahali. Kwa hiyo utabibu na kilimo viliwekwa Makerere, uhandisi na utabibu wa mifugo vikawekwa Nairobi, na sheria ikawekwa Dar es Salaam. Kijana wa Tanganyika aliyetaka kuwa daktari alikwenda Kampala, na kijana wa Uganda aliyetaka kuwa mwanasheria alikwenda Dar es Salaam. Gharama ziligawanywa, na walimu wachache waliokuwapo hawakutawanywa.

Lakini mpango huo ulikuwa na pingamizi ndani yake. Kila taifa lilitaka madaktari wengi zaidi, wahandisi wengi zaidi na wanasheria wengi zaidi kuliko nafasi lililogawiwa, tena lilitaka wafundishwe kufuatana na siasa yake. Kabla miaka kumi haijatimia, shule za pili za fani zilezile zilikwisha kufunguliwa. Tarehe 1 Julai 1970 umoja ulivunjwa, na kila nchi ikawa na chuo kikuu chake. Siku hiyo Makerere ilikuwa huru kwa maana ya sheria. Kwa maana ya watu, bado ilitegemea sana walimu wa kigeni.

Hatuna haja ya kuwalaumu waliovunja umoja. Taifa lina haki ya kuwa na chuo chake. Ila ni kweli kwamba katika kugawana mali, ni rahisi kugawana majengo na vitabu, na ni vigumu kugawana watu wanaojua kazi. Nchi hizo zililitambua jambo hilo, ndiyo maana zikabaki na kamati ya kuviunganisha vyuo vyao. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, chombo hicho hakikufa. Mwaka 1980 kikawa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika ya Mashariki, na makao yake yako Kampala. Kamba hiyo nyembamba ndiyo iliyosaidia kuvuta ushirikiano mpya baadaye.

Miaka ya dhiki

Mtihani mkubwa ulikuja upesi. Mwezi wa Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka. Mwezi wa Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini. Walimu wa kigeni, Waasia na Wazungu, waliondoka kwa wingi, na Waganda wengi nao wakakimbilia Nairobi, Dar es Salaam, Lusaka na nchi za ng'ambo. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Frank Kalimuzo, makamu wa mkuu wa chuo, alichukuliwa na askari, na hakuonekana tena. Mwezi wa Agosti 1976 askari waliingia chuoni wakawapiga wanafunzi.

Mwalimu anapouawa au kukimbia, hasara haihesabiwi kwa kiti chake kilichobaki wazi tu. Anaondoka na mihadhara ambayo hakuiandika, na wanafunzi wake wa shahada za juu ambao kazi zao zimefikia nusu, na ujuzi wa mahali zilipo kumbukumbu za idara. Fedha za kigeni zilipoadimika, majarida ya kitaalamu yakakoma kuja, na mwanachuo wa miaka ya baadaye akakuta pengo la miaka mingi katika rafu za maktaba. Mshahara ukawa hautoshi chakula cha wiki, na katika uchumi uliotawaliwa na magendo mwalimu akalazimika kutafuta kazi ya pili na ya tatu. Waliobaki waliendelea kufundisha. Hao wanastahili heshima kubwa kuliko waliyopewa, kwa maana wao ndio walioushika mnyororo ili usikatike kabisa. Lakini kufundisha kwa kushika roho ni jambo moja, na kuchunguza ni jambo jingine. Uchunguzi unahitaji utulivu, vitabu na wakati, na vyote vitatu vilitoweka.

Katika giza hilo upo mfano mmoja wa kutia moyo, nao unatoka hospitali ya Mulago, chini ya kilima, ambako Makerere hufundisha utabibu. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alichapisha habari za uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda, ambao sasa hujulikana duniani kote kwa jina lake. Kutokana na uchunguzi huo, mwaka 1967 ikaanzishwa hapo Mulago taasisi ya saratani, kwa ushirikiano wa Makerere, serikali ya Uganda na Wamarekani. Taasisi hiyo iliponya watoto wengi kwa dawa, na matokeo yake yakasomwa nchi nyingi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mmarekani, John Ziegler. Wageni walipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, wengi walitazamia kwamba milango ingefungwa. Haikufungwa. Charles Olweny, Mganda aliyesoma Makerere na aliyekwisha kufanya kazi pamoja na wageni hao katika wodi na katika maabara, aliichukua kazi akaiendesha katika miaka ile migumu. Taasisi hiyo ipo hata leo.

Tulinganishe. Nchi ni moja, chuo ni kimoja, mtawala ni yuleyule, dhiki ni ileile. Idara nyingi zilizorota, na taasisi hii ndogo ikadumu. Tofauti haikuwa ukubwa wa fedha peke yake, kwani fedha za wageni nazo zilipungua. Tofauti ilikuwa kwamba mrithi alikuwa amesimama kando ya mtangulizi wake siku mtangulizi alipoondoka. Mrithi haandaliwi siku ya msiba.

Chuo sokoni

Vita vilipokwisha mwaka 1986, Makerere ilikuwa imechoka. Serikali haikuwa na fedha za kutosha, na wakubwa wa mashirika ya fedha duniani walizishauri nchi za Afrika kuweka nguvu katika shule za msingi kuliko vyuo vikuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chuo kilipata ruhusa ya kupokea wanafunzi wanaojilipia ada, na masomo ya jioni yakaanzishwa. Wanafunzi waliokuwa chini ya 10,000 wakazidi 30,000 katika muda wa kama muongo mmoja.

Mabadiliko hayo yalileta neema. Mishahara ikaongezwa, walimu wakapunguza kutangatanga, majengo yakapakwa rangi, na maelfu ya vijana ambao wasingepata nafasi wakapata. Ila neema hiyo ilikuwa na gharama. Mahmood Mamdani, katika kitabu chake kuhusu Makerere kilichotoka mwaka 2007, alieleza jinsi idara zilivyogeuka kushindana kwa kubuni masomo yanayovuta ada, hata nje ya fani zao. Ada hulipa saa za kufundisha. Hailipi miaka mitatu ya mwalimu kukaa na swali moja. Kwa hiyo ufundishaji ulipanuka, na uchunguzi ukabaki ukitegemea wafadhili na kazi za ushauri za muda mfupi, ambazo maswali yake huulizwa na anayelipa.

Chuo chenyewe kilianza kulitambua tatizo hilo. Kuanzia mwaka 2000 Makerere ilishirikiana na Sweden katika mpango ambao walimu wake wenyewe walisomeshwa shahada za udaktari, wakirudi kushika nafasi zao Kampala. Mwaka 2012 taasisi ya uchunguzi wa jamii ya chuo, iliyoanzishwa katika miaka ya mwisho ya 1940 na kuongozwa mwanzoni na Audrey Richards, ilianza kufundisha shahada ya udaktari hapohapo nyumbani, chini ya Mamdani. Na katika mwaka wa fedha 2019/2020 serikali ya Uganda ilitenga shilingi bilioni 30 kwa ajili ya uchunguzi wa Makerere. Hatua hizo tatu hazifanani, lakini zina nia moja: kumpata mrithi, kumpata nyumbani, na kumlipa kwa fedha za nyumbani.

Hata hivyo chuo hakijawa salama. Mwezi wa Novemba 2016 kilifungwa kwa amri ya Rais kufuatia mgomo wa walimu waliodai malipo yao, na hakikufunguliwa hadi Januari 2017. Na usiku mmoja wa Septemba 2020 lile jengo kuu la mwaka 1941 liliungua moto. Nchi nzima ililia. Lilijengwa upya, likafunguliwa tena mwezi wa Oktoba 2024. Miaka minne ilitosha kulirudisha jengo. Pengo la watu lililoanza mwaka 1972 lilihitaji zaidi ya miaka thelathini kuzibwa, na katika baadhi ya fani halijazibika.

Funzo kwa walimu wa Kiswahili

Msomaji ataweza kuuliza: habari hizi zinamhusu nini mwalimu wa Kiswahili aliye Gulu, Bujumbura, Kigali au Bukavu? Zinamhusu sana, kwa sababu hivi sasa lugha yetu iko katika njia panda ileile.

Mwaka 1973 Idi Amin alitoa amri kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa ya Uganda. Amri ilikuwa fupi na yenye nguvu, lakini haikufuatwa na walimu, wala vitabu, wala mahali pa kuwafunzia walimu hao. Ilitolewa miaka 11 tu baada ya Kamati ya Kiswahili kuondoka Makerere bila kuacha mrithi. Laiti chuo kingekuwa na idara iliyokwisha kutoa wahitimu kwa miaka kumi, huenda amri hiyo ingekuta watu wa kuitekeleza. Haikuwakuta, na Kiswahili kikabaki lugha ya askari katika masikio ya wananchi wengi.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbele. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2019 baraza la mawaziri liliridhia kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili. Mwezi wa Julai 2022 likaidhinisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kiswahili sasa hufundishwa Makerere na katika vyuo vingine vya nchi. Haya yote ni ya kushukuriwa. Lakini tufanye hesabu ambayo kila mwalimu anaweza kuifanya kwa vidole. Shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu. Shahada ya pili huchukua miwili, na mara nyingi zaidi. Ya udaktari haipungui mitatu au minne, na kati ya shahada na shahada mtu hufanya kazi ili ale. Basi mtu aliyeanza chuo mwaka ule wa 2022 hatakuwa tayari kuwafundisha wakufunzi wenziwe ila baada ya miaka kumi au zaidi. Amri hutolewa kwa siku moja, na mwalimu wa mwalimu hupatikana kwa muongo.

Kutokana na historia tuliyoieleza, tunaona mambo manne ambayo vyuo na vyama vya walimu havina budi kuyapanga mapema.

La kwanza ni kumtaja mrithi. Kila idara ya Kiswahili, hata yenye walimu wawili, yapasa ijue ni nani atakayelishika somo la fonolojia, au la ushairi, siku anayelifundisha atakapostaafu, na huyo awe amekwisha kuanza kulifundisha pamoja naye. 

La pili ni kuweka kumbukumbu. Mihtasari, mitihani, tasnifu za wanafunzi na kanda za sauti zilizorekodiwa vijijini zikae mahali panapojulikana, katika nakala zaidi ya moja. Kamati ya Kiswahili ilidumu kwa majalada yake, na moto wa mwaka 2020 umetukumbusha kwamba karatasi iliyoko mahali pamoja tu ni karatasi iliyokwisha kupotea nusu.

La tatu ni kuufungamanisha uchunguzi na ufundishaji. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza apewe kazi ndogo ya kweli: kukusanya maneno ya wavuvi wa ziwa la kwao, au istilahi za mafundi wa gereji, au methali za soko. Kazi hiyo haihitaji fedha za mfadhili. Inahitaji mwalimu anayeisoma, anayeisahihisha na anayeitunza.

La nne ni kushirikiana kupita mipaka. Umoja wa mwaka 1963 ulivunjika, lakini hoja yake haikuvunjika. Chuo kimoja cha jirani kikiwa na bingwa wa lahaja na kingine kikiwa na bingwa wa tafsiri, ni upotevu kila kimoja kutafuta wote wawili kwa fedha za kukopa. Wanafunzi na wasimamizi wa tasnifu wabadilishane. Njia zipo, na baraza la vyuo lipo.

Chuo cha Makerere kina wito wake wa siku nyingi, usemao kwamba chajenga kwa ajili ya siku zijazo. Neno hilo ni zuri, na historia ya chuo yenyewe imelifasiri. Waliojenga kwa matofali wamejengewa tena kwa matofali kwa miaka minne. Waliojenga kwa watu, kama wale wa Mulago, hawakuhitaji kujengewa tena. Mwalimu wa Kiswahili asiye na fedha wala mamlaka anaweza kuanza ujenzi huo wa pili darasani mwake mwaka huu, kwa kumteua mwanafunzi mmoja mwenye bidii, kumpa majalada yake ayasome, na kumwachia somo moja alifundishe naye akiwa amekaa nyuma anamsikiliza.